NANJING: MJI WENYE MAJINA KWENYE MATOFALI

Hebu tuanze na twiga. Mnamo mwaka wa 1415, wakati ambapo Nairobi haikuwapo hata kwa ndoto, watu wa Malindi walimpeleka twiga China awe zawadi kwa mfalme wa huko. Fikiria kazi ya kumpandisha twiga chomboni, kumlisha, na kumshikilia baharini miezi na miezi! Alipofika, Wachina walishika vinywa. Wakasema huyu si mwingine ila qilin, mnyama wa hadithi zao za kale, ambaye ati hujitokeza tu wakati nchi inapopata mfalme mwema. Mfalme mwenyewe aliitwa Yongle, na bila shaka alifurahi kupita kiasi. Mji mkuu wa dola lake wakati huo ulikuwa Nanjing.

Habari za twiga huyo nilizisoma nikiwa katibu wa chama hiki hiki cha Kiswahili, kisha nikazisahau. Miaka ikapita, nami nikapata nafasi ya kwenda kusomea kilimo katika mji huo huo. (Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina uhusiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, kwa hiyo Mkenya si kioja huko.) Mlezi wa chama aliponiomba niwaandikie kitu wadogo zangu, niliona ni heri niwatembeze. Huenda siku moja mmoja wenu akafika kule na begi lake mgongoni, naye asiseme hakuna aliyemwambia aanzie wapi.

Nanjing iko mashariki ya China, kando ya Mto Yangtze, mto mrefu kuliko yote barani Asia. Wageni wengi hushukia Shanghai, ambayo iko umbali wa kilomita 300 hivi, kisha huabiri garimoshi la mwendo wa kasi. Saa moja na nusu tu, umefika! Sisi tuliozoea safari ya saa tano kutoka Mombasa hadi Nairobi, na tukaiona ya haraka, tunabaki kutazamana. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilipata zaidi ya watu milioni 9 katika mji huo, kwa hiyo usidhani unaenda kutazama magofu yaliyoota nyasi kama Gedi. Hapa watu wanaishi, wanapika, wanagombana na kuoana juu ya historia yao.

Jina lenyewe ni rahisi. "Nan" ni kusini, "jing" ni mji mkuu. Beijing nayo ni mji mkuu wa kaskazini. Lakini Nanjing imewahi kuitwa majina mengi hata mwenyeji huyasahau: Jinling, Jianye, Jiankang, Yingtian, na mengineyo. Kila aliyeuteka aliubandika jina lake. Mara ya kwanza ulifanywa makao makuu ya dola mnamo mwaka wa 229, na mfalme aliyeitwa Sun Quan. Tangu hapo hadi mwaka wa 589, falme sita zilipokezana hapo. Kisha jeshi kutoka kaskazini likaja, likauangusha mji, likaamuru makasri yabomolewe na mahali pake palimwe. Naam, palimwe! Mahali palipokuwa na viti vya enzi pakapandwa mazao. Ukitaka kuuelewa mji wa Nanjing, likumbuke jambo hilo moja, maana halikutokea mara moja.

Mimi nakushauri uanzie ukutani. Usikubali mtu akupeleke madukani kwanza.

Ukuta wa Nanjing ulijengwa na mtu ambaye maisha yake yangetosha riwaya nzima. Zhu Yuanzhang alizaliwa mwaka wa 1328 katika ukoo wa wakulima fukara. Njaa na tauni vilipowaua wazazi wake akiwa kijana, alikimbilia kwa watawa, kisha akawa ombaomba wa kuzunguka na bakuli. Baadaye alijiunga na waasi, akapanda cheo, akauteka mji huu mwaka wa 1356, na mwaka wa 1368 akajitangaza mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming. Kutoka bakuli la kuombea hadi kiti cha enzi! Lakini mtu aliyewahi kulala njaa haamini mtu kirahisi. Mfalme huyo alitaka ukuta ambao hakuna angeuvuka, na tena alitaka kujua nani amefanya kazi nzuri na nani amelipua.

Basi akatoa amri. Matofali yalifyatuliwa katika majimbo mbalimbali yaliyo kando ya Mto Yangtze na vijito vyake, yakaletwa kwa majahazi, mamilioni kwa mamilioni. Na kabla tofali halijachomwa, lilipigwa muhuri. Muhuri huo ulitaja wilaya lilikotoka, maofisa waliosimamia kazi, mkuu wa tanuri, na mwisho kabisa, mtu aliyelifyatua kwa mikono yake. Tofali likipasuka, mfalme alijua aanzie wapi kuuliza. Yaani ilikuwa njia ya kumtia mtu adabu. Hakuna aliyekusudia kumheshimu fundi.

Lakini ona mambo yanavyogeuka. Leo, zaidi ya miaka 600 baadaye, wale maofisa wakubwa waliovaa hariri wamesahaulika kama wengine wote. Lakini mfyatua matofali wa kijijini, ambaye pengine hakujua hata kusoma jina lake, bado jina lake liko ukutani na watoto wa shule wanalipitishia vidole. Mara ya kwanza nilipopanda ukutani nilifuatana na mzee mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya asubuhi. Mandarini yangu wakati huo ilikuwa ya kuombea maji. Akaniona nimekodolea macho tofali, akaja, akaweka kidole juu ya herufi moja moja na kunisomea polepole kama anavyomsomea mjukuu. Alipofika mwisho akajipiga kifua, akasema neno ambalo nililielewa: jina la ukoo lilikuwa sawa na lake. Sidhani alimaanisha kwamba ni babu yake hasa. Nadhani alifurahi tu.

Ukuta mzima ulikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi, na karibu kilomita 25 zimesimama mpaka leo. Mahali pengine unafika kimo cha mita 20. Matofali yaliunganishwa kwa chokaa iliyochanganywa na uji wa mchele unaonata. Ndiyo, mchele! Waliokuwa wakidhani wali ni wa kula tu, poleni. Pahali pazuri pa kupandia ni karibu na hekalu la Jiming, ambapo upande mmoja unaona Ziwa Xuanwu limetanda, na upande wa pili maghorofa marefu, likiwamo moja la mita 450. Wazee huja hapo alfajiri, wapenzi huja jioni.

Ukiwa na siku moja tu, nenda Lango la Zhonghua upande wa kusini. Wenzetu tumezoea Fort Jesus, tunaiona ngome kubwa. Hili ni lango tu, lakini lina malango manne, moja nyuma ya jingine, na nyua tatu katikati. Adui akivunja lango la kwanza, anajikuta uani, kisha mlango wa juu unashushwa nyuma yake, anakuwa panya ndani ya mtego. Ndani ya kuta mna mapango 27 ya kuficha askari na chakula. Wenyeji husimulia kwamba lango lilikuwa likididimia kila lilipojengwa, mpaka mfalme alipomnyang'anya tajiri mmoja bakuli lake la ajabu, ambalo ukitia sarafu moja linajaa, akalizika chini ya msingi. Hiyo ni hadithi, lakini wenyeji huihusisha na jina la zamani la lango: Jubao, maana yake mkusanyiko wa hazina.

Sasa nikuambie jambo ambalo vitabu vingi vya watalii hulipita mbio. Ukuta huu uliokoka vita vingi, lakini nusura uangamie wakati wa amani. Katika miaka ya 1950 wakuu wa mji waliona ukuta ni mzigo: unaziba barabara, na matofali yake yanafaa kujengea. Wakaanza kuubomoa. Mnamo mwaka wa 1956, msomi mmoja aitwaye Zhu Xie, aliyekuwa ofisa katika idara ya utamaduni, alipaza sauti. Aliandika magazetini, akapiga simu, akaenda mwenyewe mahali pa ubomoaji. Lango la Zhonghua liliokolewa kwa sababu hiyo, pamoja na sehemu ya zamani iitwayo Mji wa Mawe. Naye alilipwa nini? Mwaka uliofuata alibandikwa jina la adui wa chama, akapoteza kazi. Mwaka wa 1968, wakati wa misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, alijiua. Mimi hupita chini ya lango lile nikiwaza kwamba matofali yana majina ya waliyoyafyatua, lakini aliyeyaokoa hana muhuri wowote juu yake.

Matofali yaliyobomolewa nayo yalikwenda wapi? Yalijengea nyumba za watu, mabanda ya nguruwe, vijia vya uani. Mji ulipoanza kuutengeneza ukuta wake tena, wakazi waliombwa wayarudishe. Na wamekuwa wakiyarudisha! Nyumba kuukuu ikibomolewa, tofali la Ming likionekana, mtu huliosha, husoma muhuri, kisha hulipeleka. Tofali moja ni kilo 15 hadi 20, si mzigo wa kubeba mfukoni.

Tumrudie twiga wetu. Merikebu zilizofika pwani yetu ziliundwa hapa Nanjing. Amiri wao, Zheng He, alizaliwa kusini ya China katika jamaa ya Kiislamu, akatekwa utotoni, akahasiwa na kutiwa katika utumishi wa ikulu, mpaka akawa mkuu wa misafara saba ya baharini kati ya 1405 na 1433. Msafara wa tano, ulioanza mwaka wa 1417, ndio uliofika Malindi. Na mtu asikuambie kwamba ni ngano: mwaka wa 2010 sarafu ya enzi ya Yongle ilifukuliwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, na mwaka wa 2013 nyingine ikapatikana kisiwani Manda. Huko Nanjing unaweza kuyaona madimbwi matatu marefu, yaliyonyooka kama rula, ambamo merikebu ziliundwa kabla ya kuelekezwa mtoni. Mwaka wa 1957 mafundi waliochimba hapo walitoa mti wa usukani wenye urefu wa zaidi ya mita 11. Kama usukani ndio huo, merikebu yenyewe ilikuwaje?

Ndugu zangu Waislamu wasikose msikiti wa Jingjue, ambao historia yake inafungamana na Zheng He mwenyewe. Mitaa ya karibu ina vyakula vya halali. Kaburi lake liko nje ya mji, kwenye Mlima Niushou, lilitengenezwa upya mwaka wa 1985. Wengi husema mwili wake haumo, kwamba alifia safarini akazikwa mbali.

Wala usiondoke kabla ya kulizuru kaburi la Zhu Yuanzhang, yule ombaomba wa zamani. Njia ya kuliendea imepangwa wanyama wa mawe, wawili wawili, wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti: simba, ngamia, tembo, farasi. Na katikati yao yumo qilin. Nilimtazama sana. Ana magamba, ana mwili mnene, na shingo yake ni fupi kama ya ng'ombe. Hafanani na twiga hata chembe! Wachina wa 1415 walijua hivyo vilevile. Lakini zawadi imefika, mfalme ametabasamu, nani atathubutu kusema huyu siye?

Mwaka wa 1421 Yongle alihamishia makao makuu Beijing, na Nanjing ikabaki ndugu mdogo. Lakini ilibaki na kitu kimoja ambacho nyinyi wanafunzi mtakipenda, au mtakichukia: uwanja wa mitihani.

Wewe unayelalamika kwamba Karatasi ya Pili ni ndefu, sikiliza. Kando ya Mto Qinhuai, jirani na Hekalu la Confucius, palikuwa na vijumba vya mtihani zaidi ya 20,000. Kila kijumba kilimtosha mtu mmoja tu, chenye kuta tatu na mbao mbili. Mchana ubao mmoja ni meza na mwingine ni kiti. Usiku unaziweka sambamba, zinakuwa kitanda, nawe unalala umejikunja. Mtahiniwa aliingia na chakula chake, mishumaa yake na blanketi lake. Mtihani ulikuwa wa vipindi vitatu, kila kipindi siku tatu hivi. Mvua ikinyesha, inakunyeshea. Jirani akiugua, mnaugua wote. Waliofaulu walipata vyeo serikalini, na waliofaulu walikuwa wachache mno. Wengine walirudi na kurudi mpaka ndevu zikaota mvi. Na msidhani mwakenya ulibuniwa kwetu! Katika makumbusho yaliyopo hapo sasa utaona vijitabu vidogo kama kiberiti na nguo zilizoandikwa herufi ndogo sana upande wa ndani. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka wa 1905. Leo mbele ya hekalu hilo wazazi huja kumwombea mtoto wao kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, wakitundika vibao vyekundu vyenye majina ya watoto. Nimesoma chache, nikacheka: kimoja kiliomba alama mia katika hesabu tu, mengine Mungu atajua.

Karne ya 19 haikuwa na huruma. Mwaka wa 1842, ndani ya manowari ya Uingereza iliyotia nanga mtoni hapo, China ilitia sahihi mkataba uliowapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong, baada ya vita vilivyotokana na biashara ya kasumba. Mwaka wa 1853 waasi wa Taiping waliuteka mji wakaufanya makao yao, na katika vurugu hizo mnara maarufu wa kauri, uliokuwa ukizungumzwa hata Ulaya, ukaangushwa. Mnara ulioko sasa ni wa chuma na vioo, ulifunguliwa mwaka wa 2015. Si mbaya, ila mimi haunigusi.

Tarehe 1 Januari 1912 mji ulipata bahati nyingine. Sun Yat-sen aliapishwa hapo kuwa rais wa muda wa Jamhuri, na enzi za wafalme zikaisha. Amezikwa mlimani mashariki ya mji, na kumfikia kuna ngazi 392. Nimezipanda mara nne. Mara tatu nilipumzika njiani. Lakini kilichonivutia zaidi ni miti iliyopandwa kwenye barabara ya kupitishia jeneza lake katika miaka ya 1920. Wenyeji huiita wutong wa Ufaransa. Ni mikubwa, gome lake lina mabaka kama ngozi ya chui, na matawi yake yamekutana juu ya barabara mpaka ukipita chini unadhani umo ndani ya pango la kijani. Mnamo Machi 2011, miti kadha ilipoanza kung'olewa kupisha njia ya garimoshi la chini ya ardhi, wakazi walijitokeza. Hawakurusha mawe. Walifunga utepe wa kijani kwenye mashina, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka mji mzima ukaona. Wakuu wakasitisha kazi, mipango ikapitiwa upya. Nchi yenyewe si ya maandamano, mnajua.

Kuna mahali pamoja ambapo sitakuambia ubebe kamera. Tarehe 13 Desemba 1937 jeshi la Japani liliingia Nanjing, ambayo wakati huo ilikuwa tena mji mkuu wa China. Kwa muda wa majuma sita hivi watu waliuawa, wanawake wakanajisiwa, nyumba zikachomwa. Wachina wanahesabu waliokufa kuwa 300,000. Mahakama iliyoketi Tokyo baada ya vita ilitaja zaidi ya 200,000. Jumba la ukumbusho lilifunguliwa mwaka wa 1985, karibu na mahali palipofukuliwa mifupa. Nje kuna ukuta mrefu wa mawe wenye majina, zaidi ya 10,000. Sikuweza kujizuia kuyakumbuka matofali. Majina ya kule ukutani yalichapwa kwa amri ya mfalme ili watu wawajibishwe. Haya ya hapa yalitafutwa moja moja na watu waliobaki, kwa kuulizia majirani, na bado mengi hayajapatikana.

Pamoja na hayo kuna watu wa kutajwa. Minnie Vautrin, mwalimu Mmarekani, alikaa katika chuo chake cha wasichana na kuwahifadhi maelfu ya wanawake na watoto, akisimama langoni mwenyewe mbele ya askari. John Rabe, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa mwanachama wa chama cha Hitler, aliongoza kamati iliyotenga mtaa wa usalama. Binadamu ni kitendawili. Nyumba aliyoishi ingalipo, na sasa ni makumbusho. Tangu mwaka wa 2014, tarehe 13 Desemba ni siku ya kitaifa. Saa nne na dakika moja asubuhi ving'ora hulia, magari husimama na kupiga honi, wanaotembea husimama. Mara ya kwanza nilikuwa kituo cha basi na kitumbua cha ufuta mkononi. Nilisimama nacho hivyo hivyo mpaka kikapoa.

Baada ya hapo watu huendelea na shughuli zao, na ndivyo nitakavyofanya. Maisha ya leo yanaanza alfajiri. Kwenye bustani utawakuta wazee wakicheza sataranji ya Kichina, watazamaji wakiwa na maneno mengi kuliko wachezaji. Jioni akina nyanya hukusanyika viwanjani, kinanda kinawashwa, wanacheza ngoma kwa mpango kama askari wa gwaride. Ukisimama karibu utavutwa uingie. Mimi nilivutwa, nikakanyaga watu.

Kusafiri mjini hakuna taabu. Garimoshi la chini ya ardhi lilianza mwaka wa 2005 na sasa lina njia nyingi, safi, kila kituo kinatangazwa. Kondakta wa kukusukuma hayupo, wala wa kukudai chenji. Malipo ni kwa simu, hata muuza viazi vya kuchoma barabarani ana karatasi yake ya kupiga picha kwa simu. Sisi wa M-Pesa hatushangai sana, ingawa mgeni afaa atayarishe mambo hayo kabla hajatoka nyumbani, maana kuna vibanda ambavyo noti huzitazama kama makumbusho. Usikose kupita kwenye Daraja la Yangtze lililokamilika mwaka wa 1968: magari juu, garimoshi chini. Kabla ya hapo mabehewa yalivushwa kwa kivuko, sehemu kwa sehemu. Wazee wa mji husimulia siku lilipofunguliwa kama wazee wetu wanavyosimulia siku ya Uhuru.

Kuhusu chakula, jiandae kwa bata. Wenyeji wana mzaha kwamba hakuna bata aliyewahi kutoka Nanjing akiwa hai. Bata wa chumvi huliwa baridi, nyama nyeupe, laini, haina madoido. Kisha kuna supu ya tambi na damu ya bata iliyogandishwa na kukatwa vipande. Usikunje uso! Anayekula mutura hana haki ya kukunja uso.

Kazi za mikono nazo hazijafa. Kuna kitambaa cha hariri kiitwacho yunjin, yaani hariri ya mawingu, ambacho zamani kilivaliwa na wafalme. Mtambo wake ni mkubwa kama chumba na hufanyiwa kazi na watu wawili: mmoja ameketi juu akivuta nyuzi, mwingine chini akifuma. Siku nzima, kutoka asubuhi, wanapata sentimita chache tu. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka wa 2009. Na kwa kuwa hili ni jarida la lugha, niseme pia kwamba mwaka wa 2019 shirika hilo hilo liliipa Nanjing heshima ya Mji wa Fasihi, wa kwanza China. Cao Xueqin, mwandishi ambaye Wachina humweka juu ya wote katika riwaya, alizaliwa hapo karne ya 18. Mmarekani Pearl Buck aliandika hapo riwaya yake juu ya wakulima wa China, na mwaka wa 1938 akapata Tuzo ya Nobel. Nyumba yake utaonyeshwa.

Sasa uende lini? Julai na Agosti usithubutu. Joto lake ni la jiko, tena lenye unyevu, hata mtu wa Lamu ataomba maji. Januari nayo baridi huingia mifupani, na nyumba nyingi hazina mabomba ya kupasha joto kama za kaskazini. Machi miti ya maua hufunguka karibu na hekalu la Jiming, umati hauna kipimo. Aprili na Mei ni nzuri, ila ile miti ya wutong hutoa usufi unaoingia machoni na puani, mji mzima unapiga chafya, na hakuna anayetaka ikatwe. Mimi ningekuambia Oktoba mwishoni, au Novemba. Shuka kituo cha Lango la Zhonghua mapema, kabla watu hawajajaa, upande juu, uchague tofali lolote lenye muhuri. Atatokea mzee akusomee.